Jumamosi nane kwa Mwalimu wa Nyegezi

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Igoma, Mwanza, na karibu nusu ya kazi zangu ni sare za kwaya. Nimeshona za Wakatoliki, za Walutheri, za AIC, za Wasabato, na za kwaya moja ya harusi ambayo mpaka leo haijanimalizia hela. Ukipima watu mabega miaka kumi na miwili huku wanapasha sauti, mwisho na wewe unaingia. Niliingia kama alto, sauti ya chini ya wanawake. Miaka mitatu iliyopita mwalimu wetu pale kigangoni (kanisa letu dogo chini ya parokia) alihamishiwa Kahama kikazi, tukabaki waimbaji thelathini na wanne bila mtu wa kusimama mbele. Kikao kilichukua dakika kumi. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu najua kusoma solfa (nota za do, re, mi) kidogo na kwa sababu nina sauti ya kufokea. Nadhani hiyo ya pili ndiyo iliyonipa kura.

Nasema haya mapema ili ujue anayetoa maoni hapa kuhusu mafunzo ya kuongoza kwaya si msomi wa muziki. Ni mtu aliyetoa shilingi elfu themanini kwenye droo ya cherehani, akafunga kibanda Jumamosi nane mfululizo, na Jumamosi kwa fundi ndiyo siku watu wanakuja kuchukua nguo.

Huduma yenyewe ni mafunzo ya kuongoza kwaya yanayotolewa na mwalimu mmoja mstaafu nyumbani kwake Nyegezi. Jina lake siliweki. Hana bango wala tangazo, na nilipomwambia nataka kuandika, alisema niandike kazi, yeye nimwache. Anayemhitaji atampata kwa kuuliza makwayani, kama nilivyompata mimi. Darasa linaanza saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Elfu themanini ni ya Jumamosi zote nane, chai na mihogo ya kuchemsha vikiwemo, lakini fotokopi unajilipia (mimi zilinifikia elfu sita na mia tano) na nauli ni juu yako. Risiti hakuna. Anaandika jina lako kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, anakuonyesha, anafunga daftari.

Kukosa risiti kuliniogopesha, na nina sababu. Mwaka mmoja kabla, kwaya yetu ilichanga laki mbili na nusu kumlipa kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa kuandaa kwaya kwenda studio. Alikuja mara tatu na kinanda chake. Anabonyeza kitufe, mdundo unatoka wenyewe, sisi tunaimba juu yake, yeye anatingisha kichwa. Mara ya nne simu yake haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo. Kwa hiyo nilifika Nyegezi na nusu ya hela tu, elfu arobaini, nikamwambia Mwalimu nyingine ipo njiani. Akaandika kwenye daftari, "nusu, nyingine ipo njiani."

Tulikuwa sita. Vijana wawili wa Kilutheri kutoka Nyakato, katekista mmoja wa upande wa Kisesa, kijana wa Kisabato (huyo Jumamosi haiwezi, kwa hiyo Mwalimu alimpangia Jumapili alasiri na tulimwona siku mbili tu za katikati ya wiki tulipokusanywa wote), mama mmoja wa AIC aliyekuwa mwalimu wa chekechea, na mimi. Darasa ni kibaraza kilichoezekwa kwa mabati nyuma ya nyumba, benchi mbili, ubao mmoja uliopakwa rangi upya, na kinanda cha zamani cha kukanyaga ambacho kimekufa. Juu yake anaweka birika.

Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alisema kila mmoja asimame aongoze wimbo ambao wote tunaujua na hakuna atakayesema ni wa dhehebu la mwenzake. Wimbo wa Taifa. Nilicheka moyoni. Nikasimama, nikasema kama ninavyosema kila wiki, "Haya, tatu, nne!" nikaanza, mkono unapiga, sauti inatoka, wenzangu wananifuata. Nilimaliza nikiwa na jasho na furaha.

"Mama," akasema, "umesikia nini?"

Nikamjibu tumeimba vizuri.

"Sikuuliza mmeimbaje. Huyu ndugu hapa" (akamwonyesha katekista) "kwenye mstari wa tatu ameimba sauti gani?"

Sikujua. Kwa kweli sikujua hata kama alikuwa anaimba. Akachukua njiti ya kiberiti, akanipa niibane katikati ya midomo. "Ongoza tena. Njiti ikianguka, tunarudi mwanzo."

Ilianguka mara saba. Sikuwa najua kwamba naimba pamoja na kwaya yangu kila wimbo, kila sauti, nikirukia soprano (sauti ya juu ya wanawake) wakipotea, nikishuka alto wakilegea. Nilidhani huko ndiko kusaidia. Mara ya nane njiti ilibaki, na mkono wangu ukawa mzito kama wa mtu mwingine, na nikasikia. Katekista alikuwa anaimba soprano, oktava moja chini. Wimbo mzima. Ana sauti nzuri ya besi huyo mzee, na yeye mwenyewe aliamini anaimba besi.

Jumanne iliyofuata nilienda mazoezini kigangoni na njiti yangu. Watu walidhani nina jino. Nikawaachia wimbo wa kutolea sadaka tunaouimba tangu mwaka juzi, ambao wanakijiji wanautaka kila mwezi, nikafunga mdomo. Teno zangu zote nane, wanaume wa sauti ya juu, zilikuwa zinaimba soprano. Wote nane! Ile sauti ya tatu iliyoandikwa kwenye karatasi, niliyoifotokopi kwa hela yangu, hakuna binadamu aliyewahi kuiimba. Nilirudi nyumbani siku ile sikula.

Kama ningelipia Jumamosi ya kwanza peke yake, elfu themanini ingetosha. Mengine yote nayahesabu kama nyongeza ya muuza dagaa.

Nyongeza ya kwanza ni kile chuma. Kina umbo la uma wa meno mawili, unakigonga gotini, unaweka mpini wake kwenye mbao au karibu na sikio, kinatoa sauti moja tu, ile inayoitwa A, mitetemo 440 kwa sekunde. Nilikuwa nimekiona kwa watu na kukichukulia kama pambo la wakubwa. Kwaya yetu haina kinanda siku za kawaida, kwa hiyo wimbo nilikuwa naanzisha kwa kukisia. Nikiwa nimeamka vizuri soprano wanafika juu wakiwa wamekunja sura; nikiwa na mafua besi wanazama. Mwalimu alitufundisha kuhesabu: wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa G, yaani do yake ni G, sauti ya chuma ni re, basi shuka moja unapata do. Ukiwa kwenye F, ni mi. Ukiwa kwenye D, ni so. Alituimbisha hesabu hiyo tukiwa tunatembea kuzunguka mwembe, anagonga chuma ghafla, anataja ufunguo, anamnyooshea mtu kidole. Ilinichukua wiki tatu kuacha kutetemeka. Chuma changu nilikiagizia Dar, kikaja na basi, elfu kumi na tano pamoja na usafirishaji.

Chuma kina kazi ya pili ambayo ni ya kikatili. Unakigonga pia wimbo ukiisha. Tulianza wimbo kwenye G pale kibarazani, watu sita tu, beti nne, na mwisho akagonga: tulikuwa tumeteremka karibu nusu sauti nzima bila mtu kugundua. Hapo akatueleza kwa nini kwaya isiyo na kinanda inateremka. Sauti moja ikirudiwa mara nyingi kwenye maneno mengi, kila mara inachoka kidogo. Mi inaimbwa kwa uvivu. Ti haifiki juu inakotakiwa. Watu wamekaa badala ya kusimama, pumzi zimeisha katikati ya neno. Na mmoja akishuka unywele, wengine kwa adabu wanamfuata. "Kwaya ni watu wenye heshima sana," alisema, "wanazama pamoja."

Mkono sasa. Nilikuwa na mkono wa kufukuza kuku, hayo ni maneno yake. Alitufundisha mapigo manne kama kila mtu anavyofundisha: chini, ndani, nje, juu. Kilichokuwa kipya kwangu ni kinachokuja kabla ya pigo la kwanza. Mkono unainuka, na ukiinuka wewe unavuta pumzi, kwa kasi ileile ya wimbo unaokuja, na kwaya inavuta pamoja nawe. Wakishapumua pamoja hawana njia ila kuingia pamoja. Ile "tatu, nne" yangu akaipiga marufuku. Alitaka pia mkono uwe mdogo, usivuke upana wa mabega, na mkono wa kushoto ukae kimya mpaka uwe na neno la kusema. Kama fundi nilielewa haraka: ukitikisa mkasi, kitambaa kinakwenda unakotaka mkasi, si unakotaka wewe.

Jumamosi ya nne ilinyesha mvua ya Mwanza ile ya ziwani inayokuja bila hodi, na chini ya mabati hamsikilizani. Mwalimu akatuingiza sebuleni, akaacha muziki, akatusimulia. Hapo ndipo nilipojua habari za mtu aliyetunga ule wimbo tulioangushia njiti. Enoch Sontonga. Mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, nje kidogo ya Johannesburg, mwongozaji wa kwaya ya watoto wa shule, anayewatungia nyimbo mwenyewe. Huu aliutunga 1897. Uliimbwa mbele ya umma mara ya kwanza 1899, siku mchungaji mmoja wa Kimethodisti alipowekwa wakfu. Sontonga akafa tarehe 18 Aprili 1905, kijana wa miaka thelathini na kidogo. Tarehe 8 Januari 1912 ukaimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. 1927 mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti nyingine saba. 1961 Tanganyika ikaingia kwenye uhuru na sauti ileile ikiwa na maneno ya Kiswahili. Zambia nao wanayo sauti hiyo, na Afrika Kusini wenyewe wanayo kama nusu ya kwanza ya wimbo wao. Kaburi la mwenyewe, pale makaburi ya Braamfontein, lilikuwa limepotea kwa miongo mingi. Mnamo 1996 ndipo lilipotambuliwa rasmi kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa.

"Na alikuwa na nini?" Mwalimu akauliza huku mvua inapiga. "Hakuwa na kinanda cha maana, hakuwa na mashine ya kuchapa nota. Alikuwa na herufi saba."

Hapo akaenda kwenye solfa, na kwa mara ya kwanza nikaiheshimu. Mimi nilizoea kusikia kwamba solfa ni ya watu wasiojua nota. Kumbe ilitengenezwa Uingereza na mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Sarah Glover, kwa ajili ya kuimbisha watoto, kisha mchungaji John Curwen akaichukua katikati ya karne ya 19, akaipanga upya na kuieneza, na wamisionari wakaja nayo Afrika. Inaandikwa kwa herufi za kawaida, nukta na mistari, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kunakili wimbo wa sauti nne usiku mmoja na kumpa jirani. Wimbo wa Sontonga ulisafiri hivyo, karatasi kwa karatasi. Hata ile sauti ya saba, kwetu tunaiita ti, wala si "si", kwa sababu Glover alitaka kila moja iwe na herufi yake ya kuanzia, na s tayari alikuwa nayo so. Kitu kidogo, lakini nilikuwa naimba ti miaka kumi bila kujua kuna mtu aliiamua.

Mvua ilikatika saa sita na hatukutaka kutoka.

Huyu Mwalimu wetu naye ni wa ukoo huohuo wa walimu wenye herufi saba, na nadhani ndiyo maana anamsimulia Sontonga kama anamsimulia kaka yake. Alianza kama mtoto wa kwaya misheni wakati Misa bado ni ya Kilatini. Anakumbuka Kiswahili kilipoingia baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na mabishano ya wazee ngoma ilipoingia kanisani. Akasomea ualimu na muziki Butimba, hapohapo jirani, kisha akafundisha vyuo na sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Miaka ya sabini kwaya za shule ndizo zilizokuwa redio ya serikali mikoani: kiongozi akija, kwaya inasimama uwanjani. Anasema ameimbisha watoto kuhusu Azimio la Arusha, kuhusu Kilimo cha Kufa na Kupona, na aliwahi kutunga wimbo wa sauti nne kuhusu mbolea. Nilimwomba atuimbie. Akakataa katakata, ila mkewe alitoka jikoni na kuuimba ubeti mmoja akiwa ameshika mwiko, na ni mzuri, teno yake inapanda pale kwenye "samadi" mpaka unataka kulima.

Uchungu wake mkubwa ni shule. Anasema muziki ulipofungwa ndani ya somo la Haiba na Michezo huko msingi, pamoja na uchoraji na mpira, mwalimu aliyebanwa na muda alifundisha mpira. Watoto wanafika kwenye kwaya za makanisa wakiwa watu wazima, ndipo wanaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba do inahama kufuata ufunguo wa wimbo. Kwa hiyo kwaya imekuwa shule ya msingi ya muziki, na walimu wake ni akina sisi, mafundi cherehani. Hilo alilisema bila kunitania.

Jumamosi ya tano ndiyo niliyoipenda kuliko zote baada ya ya kwanza. Maneno. Alitukataza kuimba saa nzima. Tulisoma mashairi ya nyimbo kama mtu anayezungumza na jirani, tukipiga kofi pale neno linapokazwa. Kiswahili karibu kila mara hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kila mtu anajua kwa ulimi hata kama hajui kwa kichwa. Pigo la kwanza katika kila kipimo ndilo zito. Sasa chukua neno "Bwana", weka "na" kwenye pigo zito, umwimbie kwa nguvu zako zote: bwaNA. Umemwita nani? Akatupa na "barabara", ile ya kupita magari na ile ya kufanya kazi sawasawa, zinatofautiana kwa mkazo tu, na mtunzi asiye makini anaweza kumfanya mtakatifu awe njia ya lami. Nyimbo nyingi za zamani zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza zina ajali hizi, kwa sababu sauti ilikuwepo kabla ya maneno. Kitambaa kikikatwa kinyume cha uzi wake, gauni hata ulipige pasi mara kumi linavutika upande. Nimewatazama wateja wakijivuta hivyo kwenye kioo, hawajui tatizo ni nini. Sasa najua na nyimbo zetu tatu zinavutika wapi. Moja tumeirekebisha kwa kusogeza silabi. Mbili mtunzi wake yupo hai na ana hasira, tumeziacha.

Haya, malalamiko. Yapo, na si madogo.

Ulimi wake ni mkali. Katekista aliambiwa mbele yetu kwamba ameiibia kwaya besi kwa miaka ishirini. Ni kweli, lakini mzee wa watu alikosa Jumamosi mbili, na aliporudi hakuna aliyeomba radhi, Mwalimu alimpa tu karatasi za siku alizokosa, zimepangwa vizuri, na kiti cha mbele. Labda kwake hiyo ndiyo radhi. Mtu mwenye moyo mwepesi ajiandae.

Kinanda hafundishi kabisa. Anayetaka kupiga na kuongoza kwa wakati mmoja, kama makwaya mengi yanavyolazimika, atatoka hapa bila msaada. Nota za mistari mitano anazigusa Jumamosi ya saba kwa haraka, kama anayelipa deni, wakati nyimbo nyingi mpya za Kikatoliki zinazopatikana mtandaoni, kwa mfano pale Swahili Music Notes, zimeandikwa kwa mistari hiyo. Nilimwambia. Akasema ukiisikia do, mistari itakuja yenyewe. Haijaja. Namlipa kijana wa chuo anifundishe.

Studio na video hataki hata kuzisikia. Ukimuuliza kwaya isimameje mbele ya kamera anakujibu, "Wima." Hataki pia umrekodi, kwa hiyo yote ni ya kuandika kwa mkono, na mimi mwandiko wangu wa haraka nausoma siku ileile tu.

Cheti anatoa, kwa maandishi mazuri, lakini hakitakusaidia popote. Anayetaka karatasi ya kuombea kazi aangalie TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, au shahada ya muziki ya Chuo Kikuu cha Makumira upande wa Arusha. Ada zake na muda wake ni habari nyingine.

Na kuna jambo la chai. Jumamosi mbili za mwanzo niliyemimina chai ni mimi, na mama wa AIC akagawa mihogo, bila kuambiwa wala kuulizwa. Birika lilielekezwa upande wetu na mikono ikaenda yenyewe. Ya tatu nilikaa. Mwenzangu akanitazama, naye akakaa. Ukimya ukawa mrefu. Mwalimu akalitazama birika, akatutazama, akanyanyuka akamimina mwenyewe vikombe vyote, kisha akaendelea na somo la pumzi. Hatukuwahi kulizungumza. Tangu siku hiyo zamu ilizunguka, na vijana wa Kilutheri wanamimina nusu kikombe kama dawa.

Nampa nne kati ya tano. Ningempa nne na nusu kama angefundisha nota za mistari kwa moyo. Anayefaa kwenda ni mtu kama mimi: umesukumwa mbele, una kwaya halisi ya kujaribia katikati ya wiki, na uko tayari kugundua kwamba ulikuwa unakosea. Asiye na kwaya asiende kwanza, kwa sababu nusu ya somo linafanyika Jumanne kwako, si Jumamosi kwake. Na nenda na penseli yenye kifutio. Kalamu ya wino anaichukua anaiweka juu ya kinanda kilichokufa, unarudishiwa saa saba.

Elfu arobaini iliyobaki nilimpelekea wiki ya tatu. Akafungua daftari, akafuta "ipo njiani," akaandika "imefika."

Kwaya yangu sasa. Teno wamebaki watano. Watatu walisema wimbo umekuwa mgumu, wakahamia kwaya ya vijana ambako kuna spika. Hao watano wanaimba sauti ya tatu iliyoandikwa. Wiki za kwanza waumini walisema tumeharibu ule wimbo wa sadaka, kwamba ulikuwa mtamu zaidi zamani. Mwenyekiti wa kigango aliniita akaniuliza kwa upole kama naumwa, maana sisikiki tena.

Mkesha wa Pasaka tuliimba Utukufu bila kinanda kwa sababu umeme ulikatika tukiwa na mishumaa mkononi. Nikagonga chuma gotini, re, nikashuka do, nikawapa, nikainua mkono. Walipumua. Kengele zikalia juu yetu dakika nzima na sikusikia kitu, nilikuwa natazama midomo tu na mabega. Tulipomaliza nikageukia ukutani nikagonga chuma kwa siri.

Asubuhi nilimpigia Mwalimu kumtakia sikukuu, nikamwambia tulianza G tukamaliza G, ila imepungua kidogo sana, unywele.

"Besi au alto?" akauliza.

Nikamwambia alto.

"Ulikaa upande gani zamani?"

"Alto."

Akacheka mpaka akakohoa, mkewe akaja akaichukua simu.